Wazee Kumi na Wawili Wamesimama

Kijiwe chenyewe ni mlango. Mlango wa mbao uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali, kitasa chake bado kimo, na anayechelewa kufika ndiye anayekalia kitasa. Upande mmoja pana meza ya fundi viatu, upande wa pili kibanda cha fundi simu, na ng'ambo ya barabara limesimama jengo la ghorofa tatu ambalo juu kabisa pana studio ya kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Siku ile, saa sita na nusu mchana, aliyekalia kitasa alikuwa Digrii. Jina si la kwao. Alipewa hapohapo mwaka wake wa kwanza wa kukosa kazi, kwa kejeli. Kufikia mwaka wa tatu kejeli imechakaa, limebaki jina. Alikuwa na shahada ya historia, ulimi kama wembe uliotoka kwenye karatasi, na saa moja na nusu kabla ya kupanda ngazi za jengo lile kwenda kusema neno moja tu. Neno lenyewe: “Kaeni.”

Tamthilia ni ya kihistoria, ya nchi moja ya theluji. Msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa tatu wa mfalme, asiyehesabiwa na mtu, anaishia kwenye kiti cha enzi. Vipindi sitini. Studio inatafuta sauti yake, na kati ya wasichana arobaini waliojaribu wamebaki wawili. Jana Digrii alisoma kurasa tatu bila kujikwaa. Alipofika kwenye neno la mwisho, mwongozaji akavua vipokea sauti vya masikioni, akamtazama kama mtu anayetazama nguo nzuri isiyo saizi yake.

“Sauti unayo,” alimwambia. “Mamlaka huna. Kesho saa nane urudi na hilo neno.”

Nyumbani dada yake mkubwa hakumung'unya maneno: hili likishindikana, Jumatatu unakwenda kukaa dukani kwa shemeji yako uuze ndoo, na vyeti viingie sandukuni vipumzike.

— Hebu cheza tena, alisema Jaji.

Jaji ndiye fundi viatu. Sheria hakuisomea, ila nyundo anayo, na kila akitoa hoja huigonga kwenye soli, hoja ikawa imepita.

Digrii akaicheza tena kwenye simu. Video yote ni sekunde tisa. Ukumbi wa mawe, moto unawaka nyuma. Wazee kumi na wawili wenye makoti ya manyoya wamesimama kuzunguka meza ndefu. Kwenye kichwa cha meza, ndani ya kiti kinachommeza, ameketi msichana. Anawatazama. Anafungua mdomo, anatoa neno moja fupi kwa lugha ambayo hapo kijiweni hakuna aliyewahi kuisikia. Wazee wanatazamana. Video inakatika.

— Mbona inakatika pabaya hivi? aliuliza Waya, fundi simu, akiwa na bisibisi mdomoni.

— Ndivyo wanavyofanya kazi. Unapewa kipande chako na maneno yako, basi. Wanaogopa tutavujisha. Mimi sijui hata ni kipindi cha ngapi.

— Hebu liseme tulisikie, alisema Karani, mstaafu wa masjala ambaye miaka sita baada ya kustaafu bado anafunga tai.

— Kaeni, alisema Digrii.

Wakasikiliza mpaka mwisho, kana kwamba neno lilikuwa na sehemu ya pili.

— Umesema kama mhudumu wa hoteli, Waya alisema. Nilikuwa nangoja uniletee menyu.

— Na wewe ukitengeneza simu ya mtu inarudi na ugonjwa wake na wa jirani yake. Nyamaza.

— Usimkaripie, ana hoja, alisema Jaji. Tatizo lako, binti, unalisema neno bila kujua huyu mtoto aliupataje ufalme. Mimi nimeshajua. Tazama miguu. Hapo, simamisha. Zile buti si zake! Ngozi imekunjana kisiginoni, mle ndani pana nafasi ya paka kulala na kuzaa. Ni buti za marehemu baba yake, kazijaza matambara. Sasa fikiri. Mfalme kafa alfajiri, hakuna anayejua. Mtoto kavaa buti, katembea koridoni, pu, pu, pu. Walinzi wakasikia hatua za mfalme, wakakaza migongo. Kufika mchana anaongoza nchi. Nchi imetekwa kwa soli!

Akagonga nyundo. Hoja ikapita.

— Kwa hiyo nisemeje?

— Kutokea kisiginoni. Simama, kanyaga, sema.

— Ameketi, Jaji.

— Kanyaga ukiwa umeketi!

Karani akakohoa, kikohozi cha mtu aliyezoea watu wamsubiri.

— Buti ni mambo ya mitaani. Mimi nimekaa masjala miaka thelathini na mmoja, nakwambia serikali ni muhuri. Mfalme akifa, wajinga wanakimbilia maiti, wenye akili wanakimbilia droo. Huyu mtoto wa tatu nani alikuwa anamwangalia? Kafungua droo, kachukua muhuri, kauficha. Wapi? Tazama huo mnara wa nywele. Nywele za binadamu hazisimami vile bila kushikiliwa na kitu.

— Muhuri kichwani?

— Kichwani. Na wazee wote wanajua, na hakuna anayethubutu kumvua kitana. Ndiyo maana hilo neno linasemwa kwa ubaridi, kama unaandika “imepokelewa” pembeni mwa barua. Huna hasira, huna furaha, unangoja chai ya saa nne.

— Hivyo ndivyo nilivyopokelewa kwenye ofisi kumi na nne, alisema Digrii. Nikawa najiuliza walisomea wapi. Kumbe ni wanafunzi wako.

— Mimi sikuwahi kumfukuza mtu.

— Hamfukuzi. Mnasema “we will call you.” Ofisi moja iliniambia mimi ni overqualified. Nikapanda ghorofa ya juu yake, siku hiyohiyo, lifti hiyohiyo, wakaniambia underqualified. Labda elimu yangu ilivuja kwenye lifti.

Birika, muuza kahawa, akacheka mpaka akamwaga. Yeye huwa hatoi hoja, humimina. Lakini kila anayemiminiwa huongezeka ukali, na Waya alikuwa amefika kikombe cha nne.

— Nyote mnatazama, hamwoni, alisema Waya, akaipokonya simu. Mfalme hakufa. Mzee wa tatu kutoka kushoto, huyu. Tazama ndevu zilivyokaa upande. Bandia! Huyo ndiye baba mtu. Kajifanya amekufa ili aone nani atamlilia.

— Na huyo kitini?

— Huyo siyo binti yake. Ni kijakazi. Binti mwenyewe alishatoroka na mtu wa farasi. Nani angemjua? Enzi hizo hakuna picha, hakuna kitambulisho. Mtu ukikuta kiti kitupu unakaa, kesho yake wanakuita mtukufu.

— Pingamizi! Jaji aligonga. Kama ni kijakazi, buti za mfalme kazitoa wapi?

— Alikuwa anazipiga rangi!

Hapo Jaji akaishusha nyundo, maana hoja ilikuwa imeingia kwenye fani yake.

— Basi na ule moto nyuma, Karani akasema taratibu, macho yamemtoka, ni faili zinaungua. Faili za kuzaliwa kwake.

— Na hao kumi na wawili ni wachumba aliowakataa!

— Wote?

— Mmoja kila mwezi! Waya akadakia.

Digrii akaichukua simu yake kabla hawajamuua mfalme kwa mara ya tatu. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

— Sikilizeni, jamani. Nimeisoma historia miaka mitatu, na deni la mkopo juu yake. Mtu hapati kiti kwa buti wala kwa nywele. Kaka zake walikufa, wajomba wakagombana, hakuna aliyekubali mwenzake akalie. Wakamtafuta dhaifu wa kumweka katikati. Wakasema tumweke huyu mtoto, sisi tutakuwa nyuma ya pazia. Halafu mtoto akakataa kuwa pazia.

— Umeipata wapi hiyo? aliuliza Jaji.

— Ndivyo inavyokuwaga.

— Ushahidi wa kusikia. Nautupa.

Nyundo. Ikatupwa.

Akajaribu hata hivyo. Alilisema neno kutokea kisiginoni, likatoka kama mtu aliyekanyagwa. Akalisema kwa ubaridi wa masjala, Karani akaridhika, wengine wakapiga miayo. Akalisema kwa ukali, na mteja aliyekuwa anakuja na kiatu chake mkononi akageuza njia.

— Huyo alikuwa na raba mbili za kushona, alisema Jaji kwa uchungu.

— Tatizo si neno, Karani akasema, na akasema kwa upole, ambao ndio ulimchoma Digrii kuliko ukali. Tatizo umekaa kwenye hiki kitasa miaka mitatu. Mamlaka ni mazoea, binti yangu. Utayatoa wapi?

Kwa mara ya kwanza siku ile Digrii akaziona mawazoni ndoo za shemeji, zimepangwa, kubwa ndani ya ndogo, hata mpangilio wenyewe haukuwa na akili.

— Inueni miguu.

Wakainua, wote, kama watoto. Alikuwa mfagia barabara, mwanamke wa makamo mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Zamu yake mtaa ule ilianza juzi, na hapo kijiweni hajasemeshana na mtu. Akapitisha ufagio chini ya mlango, akatoa vipande vya ngozi na nyaya za Waya, akawaruhusu kushusha. Kisha akainama juu ya bega la Digrii, macho kwenye simu ambayo video ilikuwa inajirudia yenyewe.

— Sinema?

— Malkia, mama, alisema Waya. Anawaambia hao wazee wakae. Tunatafuta alisemaje.

Yule mama akaitazama mara moja. Akaitazama mara ya pili.

— Hao wazee, aliuliza, walisimama kumpokea, au walisimama wanaondoka?

Nyundo ya Jaji ikapanda, ikabaki hewani.

— Cheza tena, alisema.

Wakacheza. Jaji akatafuta viatu vya wazee vimeelekea wapi, meza ikamficha. Waya akavuta picha mpaka ikawa vidonge vya rangi, akasema angepata sekunde mbili tu za mwanzo, mbili tu, angejua. Karani akasema kama kikao kilifunguliwa rasmi, lazima muhtasari uonyeshe. Mara sita waliitazama. Wale waliokuwa wanajua muhuri ulipofichwa, na nani alipiga buti rangi, hawakujua kama wanaume kumi na wawili waliosimama mbele yao wanakuja au wanakwenda.

Digrii hakuitazama tena. Tangu jana alikuwa ameamini wamesimama kwa ajili ya yule msichana, kwa heshima, na kwa hiyo alikuwa anawakaribisha. Mhudumu wa hoteli kabisa, Waya alisema kweli, japo kusema kweli kwake ni ajali. Lakini kusimama kwa pili, kwa wanaoondoka, alikujua. Mara kumi na nne, kwenye ofisi zile, amekuona akiwa ameketi. Kiti kinarudishwa nyuma. Karatasi zinagongwagongwa mezani zikae sawa. Mmoja anatazama saa, mwingine anavaa lile tabasamu, na wewe bado uko katikati ya sentensi yako. Hawajakufukuza. Wamesimama tu.

Na mara zote kumi na nne yeye naye alisimama.

— Kahawa imekwisha, alisema Birika, akalipindua birika lake, tone moja likaanguka.

Hapo ndipo kikao hufa kila siku. Jaji akainuka akijipangusa aproni. Waya akainuka, bisibisi sikioni. Karani akainuka, akavifunga vifungo vya koti kuanzia chini, akampiga Digrii begani.

— Haya, binti yangu. Kajaribu tu. Ukishindwa, duka la shemeji nalo ni kazi. Sisi tumekuelewa.

Digrii hakuinuka.

— Kaeni, alisema.

Hakupaza sauti. Hakukanyaga. Alilisema kwa kiasi kilekile ambacho mtu hutumia akiwa bado hajamaliza kuongea, na anajua hajamaliza, na wanaomsikiliza ndio waliosahau.

Jaji akakaa. Waya akakaa juu ya koleo lake mwenyewe, asilalamike. Karani alikaa na kifungo kimoja mkononi, na hata Birika, ambaye katika miaka yote hajawahi kukaa na wateja, aliweka ukingo wa makalio mwishoni mwa mlango.

Wakatazamana.

— Miguu ilikuwa inaniuma, alisema Jaji.

— Hata mimi, alisema Waya, akilitoa koleo taratibu.

Karani akakisahau kifungo mkononi. Alikuwa anamtazama Digrii kama barua iliyokaa miaka mingi kwenye jalada lisilo lake.

Mfagiaji peke yake ndiye aliyebaki wima, ameegemea ufagio.

— Wewe mama hukukaa, Digrii alimwambia.

— Hukuwa unaniambia mimi, alijibu, akaendelea kufagia kuelekea juu ya mtaa.

Digrii akaitia simu mfukoni, akanyoosha blauzi. Akangoja gari moja lipite, la pili akaliinulia mkono, likasimama, akavuka. Kule kijiweni hakuna aliyeinuka mpaka mlango wa jengo ulipojifunga nyuma yake.