Vidonge Kwenye Bitana

Sogeeni wanangu, mkae upande huu ninaoweza kugeukia, maana mdomo umepinda, sauti haifiki mbali, na ninayoyasema leo sitaweza kuyarudia. Binti yangu, acha kulia kwanza. Utalia nikimaliza, na huenda ukalia kwa hasira.

Cherehani ni yako, pamoja na mkasi mkubwa, na ole wako umwazime mtu akakatie karatasi. Nyumba ni yenu wote wawili. Hayo ni mepesi. Zito ni lile koti langu la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango, ambalo wewe mwanangu mkubwa umeniomba mara ngapi sijui, nami nakukatalia mpaka ukaniona mchoyo.

Mnakumbuka daktari aliponiandikia dawa za presha juu ya zile za kisukari. Za kisukari nilimeza bila shida. Lakini kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, wanangu, kilinivua nguo. Nilikuwa nimechuchumaa nampima suruali mzee mmoja wa heshima, wateja wengine wakingoja, mkojo ukanitoka mpaka ukafika kwenye viatu vyake. Nikasema nimemwaga maji ya pasi. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Ningemwambia daktari, angebadilisha dawa au saa ya kuimeza. Niliona haya. Mimi, niliyewapima watu viuno tangu ujanani, nilishindwa kutamka neno mkojo mbele ya binti aliyevaa koti jeupe.

Mke wako, mwanangu, alinisimamia kila asubuhi na glasi ya maji. "Baba, fungua mdomo nione." Nafungua, kidonge kiko chini ya ulimi. Akigeuka, nakitema. Kwenye ndoo ya taka siwezi kukitupa, ndoo anaimwaga yeye. Basi nikafumua bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti langu la kijivu, nikakitia kidonge humo, nikashona. Kesho yake hivyo hivyo. Goti nalo liliponisumbua, nikajinunulia dawa za maumivu dukani, nikawa nazitafuna kama karanga, bila kumuuliza mtu kama zinapandisha presha na kuumiza figo. Kliniki wakipima, presha iko juu, wanaongeza dawa, nami naongeza mishono.

Kiharusi kikachukua mkono wa kulia. Mkakaa kikao humu ndani, mkatafuta mchawi, mkasema ni chumvi ya mkwe. Binti yangu, wewe ndiye uliyesema, "Wifi anatuulia baba." Na wewe mwanangu ukamrudisha kwao. Alisimama pale mlangoni, koti likimgusa bega, akaniuliza, "Baba, mimi nimekulisha chumvi?" Wakati ule nilikuwa tayari naweza kusema kidogo. Nikageukia ukuta. Hapana, msinitetee. Nilimsikia vizuri, nikageukia ukuta, na yule mwanamke alikuwa akinipikia chakula kisicho na chumvi hata chembe, mpaka mimi mwenyewe namlalamikia. Aibu gani hii, wanangu! Nimekula nayo, nimelala nayo.

Sasa figo zimegoma. Mwanangu, mfuate mke wako kwao kwa miguu yako, usitume mtu wala kupiga simu. Mwambie baba alidanganya. Koti lifumuliwe mbele ya wote waliokaa kikao kile, niwe hai au maiti. Naomba niwe hai. Vidonge hivyo asivimeze mtu, virudisheni zahanati. Na presha yako wewe wameshaiona. Dawa ikikutendea vibaya, usiiache kimyakimya, sema, hata likiwa jambo la chumbani. Sema, baba, nakuomba.

Nawabariki... nyote watatu. Nimesema watatu. Mungu awape mdomo wa kusema mapema kuliko mimi. Niinulieni mto... hapo. Binti yangu, chukua wembe kwenye droo ya cherehani, leta koti. Anzia chini, kwenye uzi mweusi, pole... Hapana. Hapana, acha. Uweke wembe juu ya koti. Afumue yeye, wifi yako.