Futi Sita Kwenye Kona

ARLENE: Haloo? (mkwaruzo) Haloo, nani mwenzangu?

BERNADETTE: Jirani yako wa kushoto, kama bado unanikumbuka.

ARLENE: Bernadette? Bernadette Kuzma?

BERNADETTE: Mwenyewe. Habari za asubuhi, Bi Stoltz.

ARLENE: Nzuri... nzuri tu. Miaka kumi na moja hujapiga simu hapa. Kuna msiba?

BERNADETTE: Msiba uko mkononi mwangu. Posta wameniletea barua, nikaisaini kabisa. "Kwa kila jirani aliye ndani ya futi mia mbili: Bodi ya Viwanja itasikiliza ombi la familia ya Stoltz la kujenga uzio wa futi sita kwenye kiwanja chao cha kona, mahali ambapo kanuni inaruhusu futi nne." Nikavaa miwani. Nikasoma tena.

ARLENE: Kila jirani anapelekewa, si wewe pek—

BERNADETTE: Stoltz! Nikasema labda mjini kuna Stoltz mwingine. Siyo mumeo Merle, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi miaka ishirini na miwili, aliyekataa hata uzio wa kanisa. Wa kanisa, Arlene!

ARLENE: Ule ulizidi inchi tano.

BERNADETTE: Unaona? Na wewe amekuambukiza.

ARLENE: Bernadette, nina haraka kidogo. Nina... (kwa mbali) Merle! ... Samahani. Ulikuwa unasema?

BERNADETTE: Nampata? Nina swali langu la kisheria.

ARLENE: Yuko bafuni.

BERNADETTE: Nitasubiri. Nimesubiri miaka kumi na moja, bafu halinishindi.

ARLENE: Tafadhali, mama.

BERNADETTE: Nilisimama mbele yake kwa dakika zangu tatu. Nikasema, bwana mwenyekiti, mbwa wangu futi nne anaziruka kama kizingiti, na malori ya mahindi hapa kwetu hayapunguzi mwendo. Naomba futi sita upande wa barabara. Unakumbuka alinijibu nini?

ARLENE: Nakumbuka.

BERNADETTE: "Shida iwe ya ardhi, mama, isiwe ya mtu. Wala ya mbwa." Ukumbi mzima ukacheka. Wiki ya tatu Biskuti, mbwa wangu, akaruka, lori likampitia. Sasa Jumanne nakuja kwenye kikao, na mimi nitamuuliza mbele ya watu: Bwana Stoltz, ardhi yako inaumwa nini?

ARLENE: Uliza tu. Una haki.

BERNADETTE: Basi? Hunifokei?

ARLENE: (mlango unalia) Gereji pia hayumo...

BERNADETTE: Nani hayumo?

ARLENE: Paka.

BERNADETTE: Nyinyi hamna paka. Arlene, mtaani wanasema mnachimba bwawa la kuogelea. Wengine wanasema Merle amechoka kuniona nikianika nguo. Sema mwenyewe basi.

ARLENE: Waache waseme.

BERNADETTE: Na kwenye fomu, pale pa sababu, umeandika neno moja: "faragha". Wazee wa miaka sabini na tano, faragha ya kufanyia nini?

ARLENE: Ule mkutano unaonyeshwa kwenye televisheni ya mji. Kila mtu anatazama. Siwezi kusimama pale niseme—

BERNADETTE: Ndiyo maana mimi nimepeleka koti langu kufuliwa! Nataka wanione vizu— Ngoja. Ngoja kwanza. Kuna mtu uani kwangu.

ARLENE: Mtu gani?

BERNADETTE: Mwanamume. Ameinama kwenye fito zangu za maharage... Yesu na Maria! Si mumeo huyu? Unaniambia yuko bafuni, kumbe umemtuma aje anipime! Ana tepu mkononi!

ARLENE: Yuko kwako? Bernadette, una hakika yuko kwako?

BERNADETTE: Namwona kwa macho yangu!

ARLENE: Ee Mungu. Asante. Asante, asante.

BERNADETTE: Asante ya nini? Natoka, leo atanitambua. (mlango, mkwaruzo) Simu hii ikifika nje inakoroma... We bwana! Bwana Stoltz! (hatua kwenye majani) Arlene.

ARLENE: Nakusikia.

BERNADETTE: Amevaa koti na tai.

ARLENE: Ndiyo.

BERNADETTE: Na suruali ya kulalia. Arlene, huyu hana viatu. Umande umeganda huku.

ARLENE: Nilimvalisha. Nilimvalisha mwenyewe, nikageuka kuzima jiko.

BERNADETTE: Tangu lini?

ARLENE: Tangu Pasaka. Alianza kusahau majina, sasa anasahau nyumba. Kanuni hajasahau hata moja. Anazunguka mtaani anakagua. Ile fensi yetu ya futi nne anakanyaga ubao wa katikati, huyo, ng'ambo. Alhamisi walimkuta katikati ya barabara, kwenye mstari wa njano, anapima. Lori lilisimama kwa neema tu.

BERNADETTE: Na hukuniambia.

ARLENE: Wewe? Nikuambie wewe? Na bodi ningeiambia nini? Shida iwe ya ardhi...

BERNADETTE: ...isiwe ya mtu. Mdomo wake mwenyewe, masikini.

ARLENE: Nakuja. Navaa koti.

BERNADETTE: Usikimbie, utateleza ukavunjika nyonga. Haendi popote, amenipa ncha ya tepu nimshikie. (mkwaruzo) Nini, bwana mwenyekiti? ... Anasema fito zangu zimezidi inchi mbili.

ARLENE: Msamehe, dada.

BERNADETTE: Nimsamehe nini, zimezidi kweli! Nilizipandisha makusudi mwaka juzi, aje tugombane. Hakuja. Nikajua ameniogopa, nikatamba kanisani mwezi mzima.

ARLENE: Bernadette...

BERNADETTE: Sikiliza. Jumanne usimtaje kabisa. Utasema uwanja wenu una mteremko.

ARLENE: Mteremko upi?

BERNADETTE: Toka barazani kwenu mpaka barabarani panashuka futi tatu. Fensi ya futi nne ikikaa kule chini, ukiwa juu huoni fensi, unaona futi moja tu, kama kidole. Hiyo ni shida ya ardhi. Hukuichimba wewe, umeikuta. Ukurasa wa arobaini na moja wa kanuni.

ARLENE: Umejuaje?

BERNADETTE: Nimesoma kitabu kizima. Siku nne, macho yamenivimba. Nilitaka nikumalize, na huo ndio mlango pekee niliouona umebaki wazi kwako. Nilikuwa naomba Mungu usiuone.

ARLENE: Lo.

BERNADETTE: Tena nitasimama mimi mwenyewe kuusema. Mji mzima unajua simpendi. Nani atanishuku?

ARLENE: (analia) Shoga yangu, mimi sijui...

BERNADETTE: Futa machozi, lete soksi. Nimempa ndala zangu za waridi, hazimwingii. Na kahawa, maana (mkwaruzo) ...tunaelekea kona ya mwisho, simu inapotea.

ARLENE: Namsikia anaongea. Anasemaje?

BERNADETTE: Anauliza kichaa gani ameomba futi sita kwenye kona.

ARLENE: Umemjibu?

BERNADETTE: Nimemwambia ni mama mmoja wa hapo jirani, anampenda mumewe.

ARLENE: Na yeye?

BERNADETTE: Amevua kofia ambayo hana. Anasema anampa pole sana mama huyo. (mkwaruzo) Ila kura yake ni hapana.

ARLENE: (anacheka, analia) Huyo ndiye Merle.

BERNADETTE: Basi Jumanne tutamshinda. Njoo polepole. Ana futi mia za kupima, na ncha ninayo m— (mkwaruzo)

ARLENE: Bernadette? Haloo? ... Usiiachie.