Vestine Aliyezijua Rubona Zote

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Vestine Mukantwari anastaafu baada ya kutumikia ofisi yetu ya vifurushi, kituo cha mabasi cha Gisenyi, kwa miaka ishirini na tisa. Alianza mwaka 1996 kwenye pembe ya meza ya mkata tiketi. Anaondoka akiwa mkuu wa ofisi.

Mwaka wake wa kwanza, gunia la viazi kutoka Kanama, lililoandikwa "Rubona" tu, lilipelekwa Rwamagana badala ya Huye. Lilirudi viazi vimeota. Tangu siku hiyo hakupokea mzigo wa Rubona bila kuuliza, "Rubona ya wapi?"

Kwetu Rubona ni bandarini, kando ya ziwa, penye boti za wavuvi na kiwanda cha bia. Lakini kuna Rubona kusini, huko Huye, kuna ya mashariki, huko Rwamagana, na nyingine iko Uganda. Vestine alinunua daftari, akawa anamhoji kila dereva: ukisimama pale unaona nini? Aliamini jina hilo limetokana na kubona, yaani kuona kwa Kinyarwanda. Madereva walimbishia sana, naye hakukubali kushindwa hata siku moja.

Mwaka 2009 alifika Mzee Rugwiro, aliyezaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania. Mama yake, kabla ya kufa, alimwambia ana dada aliyeachwa kwa bibi yao Rubona, anaitwa Iribagiza. Alikuwa ameulizia bandarini siku tatu, hakuna aliyemjua. Alikata tamaa, akaja kutuma mzigo wake Karagwe, na kwenye kaunta akamsimulia Vestine habari hiyo.

"Mzee, mama yako alikuwa anasema mambo ya ziwa?" Vestine alimuuliza.

"Hapana. Alisema ukitoka mlangoni kwao unaona mashamba ya serikali, yale ya kujaribia mbegu. Baba alikuwa kibarua huko."

Vestine alifungua daftari. "Bon, sawa. Hii si Rubona yenu. Yenu iko Huye. Usitume mufuko, panda gari."

"Na nikimkosa huko pia?"

"Utanipigia simu. Tutatafuta ingine."

Siku mbili baadaye simu ililia. Rugwiro alishindwa kusema kwa kilio, na mwanamke akamnyang'anya simu: "Mi ni Iribagiza. Huyu iko na pua ya mama!"

Vestine aliingia nyuma ya magunia, akakaa huko kidogo. Alirudi macho mekundu, akaita mteja aliyefuata.

Leo fomu za kampuni yetu nchi nzima zina nafasi ya kuandika wilaya chini ya jina la mahali. Wazo hilo lilitoka kwenye kaunta yetu ya Gisenyi, na tunatamba nalo bila aibu.

Vestine, asante kwa kututoa jasho na kutufundisha kazi. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha kwenye maharagwe yako ya Kanama, na usingizi mtamu hadi jua lichomoze.

Onésphore Sibomana, kwa niaba ya wenzako wote