Magunia Kumi na Moja kwa Mama wa Kwenye Sinema

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Baba Mchungaji, uliyetuazima ukumbi huu pamoja na umeme wake. Ndugu Mtendaji wa Kata. Wazee wenzangu mliofika na makoti mazito. Walimu, wanafunzi, na ndugu zetu mliotoka Wanging'ombe na hata Mawengi: kamwene!

Hiyo ni sauti ya watu waliokula ugali kweli? Kamwene! Haya, sasa nimewasikia.

Leo nina furaha ambayo mtu wa umri wangu hutakiwa kuificha, nami sitaificha. Tunafungua chumba cha sinema hapa Kitandililo, na sinema ya kwanza, itakayoanza dakika chache zijazo, ni ileile ya zamani isiyo na rangi niliyoiona mara moja tu, miaka thelathini na nane iliyopita, kwenye shuka lililotundikwa ukutani kwa shule yetu. Mwalimu Rejoice ameitafuta miezi minane mpaka akaipata. Mpigieni makofi, tena ya nguvu!

Vijana, niwaeleze kidogo, maana kueleza ndiyo maradhi yetu sisi walimu wa zamani. Sinema hii inasimulia maisha baada ya vita vya nyuklia, lakini bomu lenyewe hamtaliona. Mtaona mji mdogo wa milimani, mbali na vita, ambao haukupigwa na chochote. Kilichoufikia ni moshi. Miji mikubwa ikiungua kwa pamoja, moshi wake hupanda juu sana ukakaa huko, ukaziba jua, na baridi ikashuka katikati ya msimu wa kilimo. Je, kuna mtu hapa anayehitaji mwalimu wa fizikia amfafanulie sakitu? Mmeiona mwezi wa saba, asubuhi moja tu, inavyogandisha umande na kuacha viazi vya vinyungu vyetu vya mabondeni vimekuwa vyeusi kama vilivyopitiwa na moto. Sasa fikirini mwezi wa saba usiokwisha.

Mwishoni mama mmoja anafungua stoo kuchukua mbegu za viazi. Sanduku ni tupu. Watoto wake mwenyewe wameshazila kwa njaa. Anakaa chini, anatutazama dakika nzima, hasemi neno. Sinema inaisha hapo.

Lakini hapa Kitandililo haikuishia hapo, na aliyesababisha ni yule mzee wa safu ya pili, mwenye kofia ya sufu. Ni Lenard, fundi cherehani wetu, Mpangwa wa Mawengi aliyekuja kushona sare za shule akasahau kurudi kwao.

Siku ile Lenard ndiye aliyeshika kipaza sauti cha gari la sinema akatutafsiria, kwa sababu alipitia seminari na Kiingereza chake kilikuwa kinapita changu, jambo ambalo sikulipenda. Ilipofika dakika ile ya kimya, yeye hakunyamaza. Akasema polepole, kana kwamba ni yule mama: "Jamani majirani, nani amebakiwa na mbegu?"

Asubuhi nafika shuleni, namkuta marehemu Mama Scolastika na debe la mbegu za viazi kichwani.

"Mwalimu, huyu mama wa jana tumpelekee kwa njia gani? Treni ya Makambako inafika kwao?"

Nikamweleza huku nacheka kwamba yule ni mwigizaji, amelipwa, amekula na amelala.

"Kwa hiyo hana njaa?"

"Hana, mama."

"Na bomu nalo ni la kuigiza?"

"Hapana. Bomu lipo."

"Ee! Sasa mwenzetu unacheka nini?"

Ilipofika saa sita mchana, majirani nao walikuwa wameleta, yakatimia magunia kumi na moja. Mnaijua desturi yetu: nyumba ya jirani ikiungua, pole ya kwanza ni mbegu, mengine yanafuata, na mbegu iliyotoka mlangoni kwako kwa ajili ya mwenye shida hairudi ndani. Nikawasihi wazirudishe nyumbani. Hakuna aliyegusa gunia. Basi hasira zangu zote nikamgeuzia Lenard, mbele ya watu: "Umewadanganya! Yule mama hakusema neno hata moja!"

Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nilitafsiri uso wake."

Tangu siku hiyo Lenard hajashika kipaza sauti. Kanisani hakushika. Hata kwenye harusi ya binti yake alinong'ona tu.

Na magunia? Tuliyapanda shambani kwa shule, pale mnapopaita hadi leo Shamba la Mama, na wengi wenu hamjui ni mama yupi. Kila mavuno tuliweka akiba ya mbegu. Mwaka wa pili sakitu ikashuka, ikamaliza vinyungu vya kata nzima, na mvua zilipoanza hapakuwa na mbegu kwa mtu yeyote, isipokuwa ile akiba ya shule. Kaya mia mbili zilipanda mbegu za mwanamke ambaye hayupo! Nami nilipanda. Nikala viazi vile mwaka hadi mwaka, nyumba yangu ikiwa hatua mia tatu kutoka kwa Lenard, na sikwenda kumwambia neno. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta. Mimi sikufuta.

Leo nafuta. Juzi nilikwenda kumwomba atutafsirie tena, akaniambia, "Kutazama nitakuja, Mwalimu. Kusema, wewe ulishaninyamazisha mbele za watu." Ni haki yake. Basi, Ndugu Lenard, watu ndio hawa. Hukumdanganya yeyote. Mimi niliyasikia maneno ya sinema. Wewe ulimwona mtu. Nisamehe.

Mwalimu Rejoice anao uwezo wa kuwaeleza wanafunzi hawa Kiingereza. Lakini dakika ile ya kimya itakapofika, nani atawasomea uso ule? Kipaza sauti hiki ndicho pekee tulicho nacho, na mimi simpi mwingine.

Mnaona? Anavua kofia. Wazee, vuteni miguu, mpisheni apite! Asanteni sana kwa kunisikiliza mimi. Zimeni taa sasa, tumsikilize Lenard.