Mama Spika na Kikao cha Pozo del Tala

Marehemu Hermelinda Ocaranza de Lucero alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 katika kijiji cha Pozo del Tala, kaskazini mwa Argentina, mtoto wa kwanza wa Mzee Nicanor na Mama Delfina. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alifariki akijifungua ndani ya gari la kuni, njiani kwenda hospitali ya mjini. Mtoto, Rosaura, alipona. Marehemu hakulisahau jambo hilo, wala hakumruhusu mtu mwingine alisahau.

Alisoma kijijini, kisha Chuo cha Ualimu mjini, akahitimu mwaka 1967. Alifundisha miaka ishirini. Wanafunzi wake wamejaa hapa makaburini, na naona mpaka leo wamekaa wima.

Mwaka 1987 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo. Huko alimpata mume, Bwana Evaristo Lucero, mbunge wa upinzani, wakafunga ndoa mwaka 1990. Walikubaliana kwamba bajeti haitajwi mezani mpaka nyama iishe. Mwaka 1995 akawa Spika, na ratiba ya vikao ikawa mkononi mwake.

Mwaka 1999 Gavana alileta bajeti yenye wodi ya wazazi kwa ajili ya Pozo del Tala. Kwa sheria ya jimbo letu, bajeti isipopita kabla ya mwaka kwisha, hurudiwa ile ya mwaka uliopita, nayo haikuwa na wodi. Basi upinzani haukuhitaji kushinda kura, ulihitaji tu kutoingia ukumbini. Kila kikao kilipoitwa, Bwana Evaristo na wenzake walijibanza kwenye korido wakinywa kahawa, akidi ikakosekana, kikao kikavunjika. Marehemu alipungukiwa mtu mmoja tu.

Akapanga kikao cha mwisho, Desemba, kifanyike Pozo del Tala, katika darasa alilosomea, saa nane mchana. Watu walidhani amechanganyikiwa. Lakini yeye alilijua darasa lile: halina korido, halina baraza, na uani hakuna kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Desemba huko jua halina adabu.

Wapinzani walikuja, maana asiyefika kabisa hukatwa posho, wakasimama uani, suti zimelowa jasho. Ndani, wanawake wa kijiji waligawa maji baridi na empanada, zile sambusa zetu za nyama.

"Mzee Lucero, unaungua au unaingia?" marehemu aliita kutoka kitini.

"Naomba maji tu, mama."

"Maji yako huku. Ukivuka kizingiti, umehesabiwa."

"Nikiingia nitapinga!"

"Pinga, nani kakukataza? Ila njoo upinge ukiwa ndani, usisimame mlangoni kama mkwe."

Akaingia. Kwa mtu huyo mmoja akidi ikatimia, na bajeti ikapita kwa kura zote isipokuwa moja, ya mumewe. Wenzake walimnunia mwaka mzima. Wodi ilifunguliwa Agosti 2001, ikakua ikawa hospitali. Mimi ninayesoma haya, binti wa Rosaura, nimejifungulia wanangu wote humo.

Mwaka 2021 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alikataa kupelekwa mjini, akalazwa hospitali hiyo hiyo. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023 daktari alituita tumuage. Tuliingia wote isipokuwa Bwana Evaristo, aliyebaki kwenye korido, kofia mkononi.

"Baba mkubwa, ingia, anakuulizia," nilimwambia.

"Siingii. Nisipoingia, hakuna kinachopita."

Mama mkubwa alimsikia. Sauti ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa ile ile ya kitini.

"Evaristo. Njoo upinge ukiwa ndani."

Akaingia, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka mwisho. Tulilia sana, na bado tunalia.

Marehemu ameacha watoto wawili, Leandro na Celmira, wajukuu watano, na mdogo wake Rosaura. Ameacha pia mume, Bwana Evaristo, ambaye ameomba iandikwe humu kwamba yumo, na kwamba anapinga.

Mama Spika wetu, apumzike kwa amani.