Nyumba ya Ndoa Haikuuzwa

Kamwene, ndugu zangu, na jina la Bwana lisifiwe! Mimi kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nimeandika haya niyasome. Nikikosea mahali, mume wangu Baba Neema yuko hai, yuko hapa hapa Iringa, muulizeni na yeye.

Kwanza nimpe haki yake. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Tofali za nyumba yetu ya Kihesa tulifyatua wote wawili, yeye akikanyaga udongo, mimi nikichota maji. Bati alileta yeye, kwa jasho la mpunga wa Madibira. Lakini huko huko Madibira akapata mwanamke mwingine, akarudi akidai talaka. Labda na mimi ulimi wangu ulikuwa mkali. Sijui.

Kesi ikafika mahakamani. Hata haijaisha, akaja mtu kutoka Mbeya na futi kamba, akaanza kupima madirisha yangu! Nikamuuliza, "Baba, unapima nini?"

"Nataka kuweka nondo, mama. Nyumba si inauzwa?"

Shemeji yangu aliyemleta akacheka. "Shemeji, funga mizigo. Mwanamke kwao ni kwa baba yake."

Ndugu zangu, nikafunga! Sufuria zote nikazitia kwenye kitenge. Hati ina jina la mume, mimi ni nani? Na baba yangu alishafariki. Nikapiga magoti katikati ya mizigo nikalia: Bwana, sina pa kwenda na hawa watoto!

Nikiwa bado nalia akaingia Mama Sanga, mwenzetu wa kwaya, ambaye pia ni msaidizi wa kisheria. Alikuja kuniuliza mbona sionekani mazoezini. Nilipomweleza, akasema, "Lakini hii si nyumba ya ndoa?"

Nikamwambia hapana, ndoa tulifungia kanisani, kwetu Tosamaganga. Hapa tulikula pilau tu.

Alicheka mpaka akakalia mizigo! "Wewe mama! Nyumba ya ndoa ni ile mnayoishi mume na mke. Hata jina likiwa lake peke yake, hawezi kuiuza bila ridhaa yako."

"Si ndoa yenyewe inavunjwa?"

"Hakimu ameshavunja?"

"Bado."

"Basi inuka twende."

Tukaomba mahakamani, tukaenda pia ofisi ya ardhi, zuio likawekwa: nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani mpaka kesi iishe. Yule mtu wa Mbeya alipojua, akaniomba radhi kabisa. Aliambiwa hakuna mke.

Baba Neema akaja, akasimama mlangoni. "Umenifukuza kwenye nyumba yangu?"

"Sijakufukuza. Hata mimi siwezi kuiuza."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Tumezuiwa wote."

Akatabasamu kidogo, akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Kesi bado inaendelea. Mgawanyo atasema hakimu, na huenda mwenzangu anastahili zaidi kuliko ninavyodhani. Lakini ndugu zangu, nalala usingizi! Watoto wanalala! Asante Yesu!

Dada unayefunga mizigo kwa sababu umeambiwa ondoka, usiondoke kabla hujauliza. Omba, halafu inuka ukaulize. Mungu aliyenisikia mimi katikati ya sufuria, wewe atakuachaje? Zangu zimerudi jikoni. Na kile kitenge, mnakiona? Ndicho hiki nilichovaa.