Mama Pétronille Atoka Mlangoni Mikono Mitupu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Pétronille Havyarimana anamaliza kazi katika huduma yetu ya upasuaji wa mishipa ya damu, baada ya miaka thelathini na miwili. Tumeombwa tuandike kwa furaha, maana ni sherehe. Tutajaribu. Ila ukweli usemwe: huku bloc, chumba cha upasuaji, watu wamenuna wiki nzima.

Aliingia akiwa msichana wa Songo, hapa hapa Uvira, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Sauti hiyo haijapungua. Madaktari wanaochelewa wanaijua vizuri. Wengine walijaribu kupitia mlango wa nyuma ili wasikutane nayo, wakamkuta huko huko nyuma anawangoja. Karibu sisi wote ndiye aliyetufundisha kuosha mikono sawasawa, kupanga vyombo, na kutomdanganya mgonjwa.

Lakini mjini hajulikani kwa hayo. Anajulikana kwa vitenge. Kwetu mguu ukikatwa hautupwi. Familia inauchukua kwenda kuuzika. Zamani ilikabidhiwa mguu huo ndani ya katoni, kama bidhaa ya duka. Mama Pétronille alikataa. Alileta vitenge safi vya kwake, akawa anaufunga mguu vizuri, anatoka nao mlangoni akiubeba kwa mikono miwili, anamwita mkubwa wa familia kwa jina na kumpa pole kwanza. Watu walimheshimu sana kwa hilo. Walimwogopa pia. Akipita soko la Mulongwe, wamama walimsalimia kwa adabu huku wakivuta miguu chini ya meza. Yeye alicheka tu, akasema afadhali, leo atanunua samaki wadogo wa ndagala bila kusukumana.

Miaka michache iliyopita Docteur Emery alirudi kutoka masomoni na njia mpya. Badala ya kupasua mguu mzima, anatoboa kitundu kidogo kwenye kinena, anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, anaufuata kwenye skrini mpaka pale palipoziba, kisha anajaza maji katika kapira kadogo kanakofungua njia ya damu. Ganzi ni ya pale pale tu. Mgonjwa yuko macho, anaongea, na mara nyingi kesho yake anarudi nyumbani. Mama Pétronille alikuwa wa kwanza kujifunza, na miwani yake puani, akiuliza maswali mpaka Docteur akaomba apumzike kidogo.

Shida ni kwamba njia hii haifufui mguu uliokwisha kuoza. Mtu anapaswa kuja mapema, mguu ukiwa unauma na kupoa tu. Na watu hawakuja mapema. Walikuwa bado wanamwona mama wa kitenge amesimama mlangoni.

Hata nyumbani kwake ilikuwa hivyo. Mumewe, Mwalimu Toussaint, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kikamtokea kwenye kidole cha mguu. Alikificha. Alivaa viatu vya kufunika kutwa nzima kwenye joto hili la Uvira, akisema mwalimu hafundishi na sandali. Alioga peke yake. Usiku alijifunika hadi kwenye nyayo akisingizia mbu. Siku harufu iliposhindwa kufichika, nyama ilikuwa imeoza hadi juu ya kifundo na sumu imeingia kwenye damu. Mama Pétronille alimuuliza kwa nini, jamani, na yeye ni muuguzi ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mwalimu alimjibu mbele yetu:

"Niliogopa kitenge yako."

Mguu ulikatwa. Mama hakukubali mwingine aufunge. Juma lile lile Mwalimu alifariki, na sisi wote tulienda matangani kwake Songo.

Tulidhani hatarudi. Alirudi, tena akiwa mkali kuliko mwanzo. Kila Jumapili baada ya misa aliomba dakika chache, akasimama mbele ya watu na kuwaeleza jinsi mumewe alivyomficha mguu, bila kupunguza hata neno moja. Iliuma kumsikiliza. Alizunguka hivyo mpaka vijiji vya bonde la Ruzizi.

Huko Luberizi Papa Gaspard, mkulima wa mpunga, alimsikia. Mguu wake wa kulia ulikatwa hapa kwetu zamani, na sasa wa kushoto ulikuwa umepoa, vidole vinauma usiku. Alikuja na mkewe Divine, lakini alipomwona Mama Pétronille akageuza magongo yake. Mama alimshika mkono, akaahidi kukaa karibu na kichwa chake mpaka mwisho. Alikaa. Walizungumza mbolea na ng'ombe waharibifu wakati Docteur akifanya kazi yake, hadi ule mguu ukaanza kupata joto.

Mama akatoka kutoa habari. Divine aliitazama mikono ya Mama, akaikuta mitupu, akaanguka chini akilia: kwake hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mume wake amekufa. Papa Gaspard ndiye aliyemnyamazisha kutoka ndani, akiuliza wanamlilia nani na yeye ana njaa. Tulicheka sana. Mama pia alicheka, kisha akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, akalia peke yake kwa muda mrefu. Tulijua anamlilia nani.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, jibu lake lilikuwa fupi:

"Minye sitaki zawadi. Kila muntu avue viatu, niangalie miguu."

Basi Ijumaa, kabla ya chakula, tutavua wote, kuanzia mkurugenzi. Papa Mathieu, mlinzi wetu wa getini, ambaye tangu Pasaka anachechemea na kusema ni kiatu kipya, ametuma habari kwamba siku hiyo ana msiba. Mama amesema ataanzia getini.

Mama Pétronille, asante kwa mikono yako, ilipobeba na ilipotoka mitupu. Tunakuombea siku ndefu, usingizi mtulivu, na moyo utakaopoa polepole. Tutakukosa vibaya.

Na weye, Papa Mathieu, tafadhali, mungoje Mama.

Fanny, kwa niaba ya wauguzi wa bloc